UZI: Namba kumi wa Malindi, tumchukue ama tuwachane nae?

MwanaLangoni (mwenye uzi)
Asalam aleikum wadau wa timu yetu ya Lamu. Nimefungua uzi hapa kwa sababu kule kwa grupu la WhatsApp mtu akiandika neno la maana, dakika mbili baadae lishafunikwa na stika za Ijumaa njema na matangazo ya samaki.

Jambo lenyewe mwalijua. Kombe la Disemba liko wiki tano mbele na mechi tatu za mwisho tumefunga bao moja, nalo ni penalti, na ile penalti nadhani hata refa mwenyewe aliionea haya. Mchezo wetu ni ule ule, beki anabutua, winga anaufukuzia, kipa wao anadaka, tunarudi kukaba tukihema. Pale katikati hakuna mtu wa kuushika mpira akatulia akatazama akatoa.

Sasa kuna dogo wa Malindi, miaka 22, mguu wa kushoto, kiungo mchezeshaji hasa, namba kumi ya kizamani. Klipu mmeiona. Mwenzetu Maweni_Finest amezungumza nae, anasema dogo anataka elfu 15 kwa mashindano yote, nauli ya kuja na kurudi, pa kulala na chakula. Mfuko wa timu una elfu 23 na mia nne.

Tumchukue ama tuwachane nae? Toeni sababu. Matusi hapana, humu mna wazee.

Namba9_Gadeni
Tuwachane nae. Sioni haja ya kuandika mengi.

MUFC_Mokowe
Huyo hapo juu ndie straika wetu jamani, bao lake la mwisho lilikuwa kabla ya Ramadhani 😂😂

Mimi nasema achukuliwe kesho asubuhi. Nyinyi mmesahau Man United Januari 2020? Tulikuwa tumekwama kama mashua maji yametoka, umekaa kwenye matope wangojea tu bamvua. Akaletwa Bruno Fernandes kutoka Sporting, yuro milioni 55 za kuanzia, mechi yake ya kwanza na Wolves bila kwa bila watu wakacheka wee. Toka siku hio mpaka ligi imekwisha ni mechi 14 na hatukupoteza hata moja, tukamaliza wa tatu. Timu ni ile ile, kocha ni yule yule. Aliongezwa mtu mmoja anaeona mbele.

Gooner_wa_Wiyoni
MUFC_Mokowe kasema "aliongezwa mtu mmoja anaeona mbele"

Na ubingwa wa ligi mliuchukua mwaka gani baada ya hapo? Nauliza tu.

Haya mambo mimi nimeyaishi. Septemba 2013 Özil alipokuja kutoka Real Madrid kwa pauni milioni 42.5 nilikuwa nasomea Mombasa, wallahi sikulala, tulipiga kelele mpaka mwenye nyumba akatishia kutufukuza. Na kweli alikuwa fundi. Msimu wa 2015/16 alitoa pasi za mabao 19 kwenye ligi. 19! Ukimwona anavyoutoa mpira kama mtu anaempitishia mgeni sahani, bila kelele. Lakini msimu huo ligi alichukua nani? Leicester. Timu ya kukimbia na kubutua kama sisi hivi.

Kisha 2018 akapewa mkataba wa pauni laki tatu na nusu kwa wiki, na kutoka Machi 2020 hakugusa mpira tena pale mpaka anaondoka Januari 2021 kwenda Fenerbahçe. Hapo ndo naogopa mimi. Kumleta ni rahisi, taabu ni siku hachezi vizuri na ushampa pesa.

MUFC_Mokowe
Elfu 15 na laki tatu na nusu za pauni wapi na wapi yakhe

Gooner_wa_Wiyoni
Kwa mfuko wetu ni kitu kimoja.

Bint_Mkomani (mhazini)
Sasa mniskize mimi ninaeshika hizo pesa, kwa sababu naona wanaume mnazungumza za Ulaya.

Tuna 23,400. Nyavu za goli zimetoboka, mechi ya mwisho mpira ulipita ndani ukatoka nje tukagombana robo saa kama ni bao, nyavu mpya 4,500. Mafuta ya boti kwenda Faza na kurudi 6,000, na hapo nahodha wa boti katuonea huruma. Mipira miwili 3,000. Ada ya marefa 2,000. Jumla 15,500. Kinachobaki ni 7,900. Hio elfu 15 mnayoizungumza iko kwa nani?

Na nikumbushe pia kwamba kuna watu 11 humu hawajalipa mchango wa Oktoba. Majina ninayo.

Namba9_Gadeni
Ahsante dada. Uzi ufungwe.

Kop_Shela
Uzi haufungwi, ndo kwanza unanoga.

Mimi sipingi mafundi lakini niwaambie kitu kimoja tulichojifunza Liverpool. Coutinho tulimchukua Inter kwa pauni milioni 8 na nusu Januari 2013, akawa mchawi wetu, kila bao linapita kwake. Januari 2018 Barcelona wakaja na pauni milioni 142 tukalia kama tumefiwa. Mwezi huo huo Van Dijk akaingia kwa milioni 75, Julai akaja Alisson. Yaani fundi katoka, wameingia beki na kipa. Matokeo? Mei 2019, Anfield, nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya, Barcelona wamekuja na mabao matatu mkononi na Coutinho ameanza kwao. Nne bila. Origi mbili, Wijnaldum mbili. Coutinho katolewa dakika ya 60 hata jasho halijamkauka. Na kombe tukabeba Madrid.

Kwa hivo kabla ya namba kumi mimi nauliza, kipa wetu yule wa kudaka kwa mbavu tunamfanyia nini?

MUFC_Mokowe
Mbona humalizi hadithi? Mwaka wa pili yake Coutinho yuko Bayern kwa mkopo, kaingia dakika za mwisho akawatia Barcelona hao hao mbili kwenye ile 8-2. Fundi ni fundi, ni kumweka pahali pake tu.

Kipa_Mstaafu
Kipa kudaka kwa mbavu si kosa. Nimedaka kwa mbavu miaka tisa.

Beki_Tatu
Mnazungumza majina mimi nazungumza kiwanja. Nani hapa ashawahi kutembeza pasi ya chini kiwanjani kwetu Twaif mwezi wa Disemba? Kaskazi ikishaingia, mchanga mkavu, unapiga pasi ya mita kumi mpira unafika mita saba unalala. Mchanga unameza pasi. Huyo dogo kazoea kiwanja kigumu Malindi huko, mpira unateleza, akija hapa ataonekana kama mtu aliesahau kucheza.

La pili. Akisimama yeye nyuma ya straika, nani anakaba? Maana hawa mafundi wakipoteza mpira wanashika kiuno. Kiungo mkabaji wetu ana miaka 34 na goti moja. Nikisema goti moja si utani, lile la pili hulifunga bendeji kama mguu wa punda alieteguka. Sisi mabeki ndo tutabaki wanne tukifuatwa na watu saba, kisha jioni mnakaa kwenye daka mnasema difensi mbovu.

Ami_Kahawa
Wanangu mimi si mtu wa kuandika, aniandikia mjukuu wangu. Nimewasikia.

Nyinyi mwateza mpira kama mwafukuzwa na mbwa. Zamani namba kumi alikuwa mtu moya lakini timu nzima yategemea hali yake. Sisi twalikuwa tukisikiliza sifa za Feisal ya Mombasa ilipotwaa ligi ya Kenya 1965, na watu wa huko wakija Lamu kwa jahazi hawakuhadithia nani alikimbia sana, walihadithia nani alitoa pasi.

Nitawapa moya. Mwaka wa 2006, Kombe la Dunia kule Ujerumani, robo fainali, Argentina na wenyeji. Tivii ilitolewa nje, daka limejaa. Riquelme akapiga kona, Ayala akatia kichwa, moya bila. Mpira watembea taratibu kama mayi kwenye mfereji. Dakika ya 72 kocha Pekerman akamtoa Riquelme akamtia Cambiasso, eti alinde. Mimi nikasimama nikawaambia wenzangu, haya, tumekwisha. Dakika ya 80 Klose akasawazisha, penalti wakatoka, na Messi kaketi benchi mpaka mwisho. Niliona kwa mato yangu.

Mtu hujua thamani ya namba kumi akishatoka.

Kop_Shela
Ami hapo umetumaliza

Beki_Tatu
Ami nakuheshimu sana na kahawa ya jioni ni juu yangu, lakini Riquelme alikuwa na Mascherano nyuma yake anamfagilia. Sisi tuna goti moja.

JichoKali
Nimeingia kwa kuchelewa nilikuwa kazini Manda. Niseme kuhusu ile klipu kwa sababu naona kila mtu anazungumzia sekunde ya 12, lile chobo la kupitisha mpira katikati ya miguu ya mtu. Lile lisahauni. Chobo kila mtoto wa mtaa anapiga, na ukiangalia vizuri baada ya chobo alirudi nyuma kwa hivo hata halikuleta faida.

Angalieni sekunde ya 31. Mpira uko kwa beki wao wa kushoto bado, haujatoka. Dogo anageuza shingo kulia, kisha kushoto, kisha kulia tena. Mara tatu. Mpira unakuja, hata hautazami, kifua kishafunguka upande wa goli, mguso mmoja wa nje wa kushoto, tayari amempita mkabaji bila kumpiga chenga yoyote. Pasi inapita katikati ya mabeki wawili, na sasa ndo utazame uzito wa ile pasi, winga hakupunguza mbio wala hakuongeza. Mpira ulimngojea. Kisha klipu ikakatwa, nadhani winga alikosa.

Ile shingo ndo pesa. Miguu tunayo hapa Lamu, watoto wanapiga danadana mia mbili ufukweni. Shingo hatuna. Viungo wetu wanapokea mpira wakiwa wameupa mgongo uwanja wote kisha ndo wanaanza kutafuta nani yuko wapi, wanashtuka washakabwa.

Gooner_wa_Wiyoni
Klipu ni klipu lakini. Sekunde 47. Na mimi nikikatiwa sekunde 47 zangu nzuri nitaonekana Cazorla.

MUFC_Mokowe
Zako nzuri hazifiki 47

Maweni_Finest
Mimi ndie niliezungumza na dogo, nawaambia wazee msicheleweshe. Kuna timu za Watamu na Mambrui zinamtafuta, na moja ishamwahidi zaidi. Elfu 15 ni bei ya urafiki. Nyinyi mkikaa mkipiga hesabu za nyavu mtamkosa.

Bint_Mkomani (mhazini)
Zikiwa zinamtafuta mbona bado hajaenda?

Tanga_mpaka_Lamu
Mimi nimekaa Tanzania miaka sita, nazungumza kuhusu Clatous Chama, yule kiungo Mzambia aliekuwa Simba. Mwamba wa Lusaka. Disemba 2018 Simba wamefungwa 2-1 kule Zambia na Nkana, marudiano Dar es Salaam, mbili moja bado haitoshi kwa utulivu wa moyo, uwanja mzima umesimama, dakika za mwisho kabisa mpira unamkuta amelipa goli mgongo akaupiga kwa kisigino. Tatu moja. Tumeingia makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Machi akawamaliza AS Vita dakika za lala salama vile vile, robo fainali. Huyo mtu sijawahi kumuona anakimbia hata siku moja, hata mvua ikimnyeshea anatembea. Wamemuuza Berkane ya Morocco 2021, Januari 2022 wamemrudisha, kisha 2024 Yanga wakamchukua na watu walilia barabarani.

Nataka kusema kwamba kuna mechi kombe hili itakuwa sare mpaka dakika ya 85 na watu wote wamechoka. Hapo anaekimbia hana faida tena, hapo unataka mtu ambae miguu yake imechoka lakini akili bado.

Mzazi_Matondoni
Salamu. Mimi ni mzazi tu. Mwanangu ana miaka 17, anacheza namba hio hio mnayoitafutia mtu Malindi, kila Jumamosi anatembea kutoka Matondoni kuja mazoezini na kurudi. Mechi sita msimu huu, ameingia dakika 20 kwa jumla. Sisemi ni bora kuliko huyo wa Malindi sijamuona. Lakini mnasema hatuna, hatuna, na mtu amekaa hapo benchi amevaa jezi yenu.

Chelsea walikuwa na De Bruyne wakamuona hafai wakamuuza Wolfsburg Januari 2014. Mwaka na nusu baadae Manchester City walitoa pauni milioni 55 kumpata, na 2019/20 akafikia rekodi ya Thierry Henry ya pasi 20 za mabao kwa msimu mmoja wa ligi. Si kwamba mwanangu ni De Bruyne. Nasema mtazame nyumbani pia.

MwanaLangoni
Mzee wangu hilo umesema kweli na limenichoma. Kocha yuko humu kwenye uzi, naomba alisome. Ila niwe mkweli, yule kijana ni mzuri ila akikabwa kwa nguvu anapotea, bado hajajaa mwili. Huenda akikaa wiki tano mazoezini na mtu wa kumuonyesha, itamsaidia kuliko kumtia peke yake kati ya watu wazima wa Faza wanaovuta nyavu kila siku.

Kop_Shela
Watu wa Faza wana vifua kama milango ya Lamu 😂

Gooner_wa_Wiyoni
Pendekezo. Tuwache kubishana kwa klipu, mtu aende akamtazame. Nani anaenda Malindi wiki hii?

Baharia_Shela
Mimi naenda Jumamosi kununua propela na plagi. Jumapili nitakuwepo. Nitumieni saa ya mechi.

Baharia_Shela
Nimerudi kutoka Malindi. Nipeni nafasi niandike kwa sababu nimekaa juani saa moja na nusu kwa ajili yenu.

Nilikaa karibu na mama wa viazi karai, pembeni ya mstari kabisa. Mimi sina kumbukumbu ya namba kwa hivo nilifanya hivi, niliokota vijiwe, pasi ya mbele iliyofika naweka kimoja mfuko wa kulia, mpira aliopoteza naweka kimoja mfuko wa kushoto. Mwisho wa mechi kulia vilikuwa 19, kushoto 12. Kumi na mbili ni vingi, sitawadanganya. Tena nane kati ya hivo ni kipindi cha kwanza, nilikuwa nishaanza kuandika mesiji ya kuwaambia tuwachane nae.

Aliwaweka watu uso kwa uso na kipa mara tano. Tano! Mabao yalitoka mawili. Zile tatu nyingine straika wao alikuwa amesimama. Si kwamba alikosa, alisimama, mpira umepita mbele yake anautazama kama mtu alieachwa na feri. Dogo hakumpigia kelele, aliinua mkono tu kama anaomba radhi yeye.

Kukaba, Beki_Tatu umesema kweli, anatembea. Ila nikaona kitu. Akipoteza mpira hakimbizi mtu mwenye mpira, anaenda kusimama kwenye njia ya pasi ya kurudi nyuma, kwa hivo wale wanalazimika kubutua. Mara nne hivi mabeki wa timu yake waliokota mpira hivo hivo bure. Sijui kama anajua anachofanya ama ni uvivu uliobarikiwa.

Na kiwanja kile si kigumu kama mnavofikiri, upande mmoja wote ni mchanga. Akiwa upande huo hapigi pasi za chini, anaudokoa juu kidogo unatua kifuani kwa mtu. Kwa hivo suala la Twaif mimi limeniondoka.

Jingine. Kiatu chake cha kushoto kimepasuka mbele, kimefungwa kwa tepu nyeusi ya umeme, kila baada ya dakika kumi anainama kuifunga tena. Mechi ilipokwisha wenzake wameenda kunywa soda yeye anasaidia kukunja nyavu.

Kipa_Mstaafu
Mchezaji anaekunja nyavu mimi namchukua hata kama hajui mpira.

Beki_Tatu
Sawa hilo la njia ya pasi nimelielewa. Lakini mtu wa pili wa kukaba pale katikati lazima aongezwe. Nikipewa 4-2-3-1 na kijana mmoja mwenye mapafu kando ya goti moja, mimi sina neno tena.

Namba9_Gadeni
Nimesoma habari ya straika aliesimama. Najua mnacheka mnanifikiria mimi.

Niwaambie kitu kimoja sijawahi kusema. Misimu mitatu nilikuwa nakimbia. Kila beki akishika mpira mimi nachomoka, napita nyuma ya difenda, nainua mkono, mpira hauji. Unaenda kwa winga ama unaenda baharini. Mara thelathini kwa mechi nakimbia bure na nikirudi watu wanasema straika hajui kurudi kukaba. Mwaka wa tatu mwili wenyewe ukakataa. Sasa nasimama, nangoja mpira mguuni, na mnasema mvivu. Nilisema tuwachane nae kwa sababu najua akija na nikikosa mabao ni mimi nitalaumiwa, kwa sababu yeye kaletwa kwa pesa.

MUFC_Mokowe
Nafuta ule utani wangu wa Ramadhani. Samahani kaka.

Ami_Kahawa
Hapo sasa mwazungumza mpira.

Kop_Shela
Hata Wirtz wetu wa Liverpool pauni milioni 100 na alikaa miezi bila bao kwenye ligi, watu walimla hai. Ukimleta fundi bila kubadilisha wanaokimbia mbele yake ni kama kununua mashine mpya ukaifunga kwenye dau bovu. Mimi nakubali aje, ila straika nae apewe muda.

Bint_Mkomani (mhazini)
Yote mazuri. Bado kuna 7,900. Nyavu siuzi, boti siuzi.

Maweni_Finest
Elfu 15 haishuki jamani, dogo mwenyewe kakataa kata kata.

kushoto_mld
Asalam aleikum wakubwa zangu. Samahani kuingia bila kukaribishwa, rafiki yangu wa Lamu kanitumia linki. Mimi ndie mnaemzungumzia.

Nimesoma yote. Sijui elfu 15 imetoka wapi. Mimi nilisema elfu 6, nauli, na pa kulala, basi. Wala hakuna timu ya Watamu. Huyo kaka alienipigia aliniambia mnatoa elfu 6 nikasema sawa.

Ile sekunde ya 31 ahsante kwa alieiona. Winga alifunga bao lakini simu ya alierekodi iliisha chaji.

MwanaLangoni
@Maweni_Finest

Gooner_wa_Wiyoni
@Maweni_Finest

Bint_Mkomani (mhazini)
@Maweni_Finest elfu 9 kaka?

Maweni_Finest
Jamani msinihukumu. Ile tisa ilikuwa ya usumbufu wangu, kupiga simu, kwenda na kurudi, na mtu wa kati kila mahali analipwa, hata huko Ulaya mnakokuzungumza mawakala wanakula mamilioni.

Kipa_Mstaafu
Elfu 9 ya usumbufu wa kupiga simu moja. Na mimi nisumbueni basi.

Ami_Kahawa
Mjukuu wangu amekataa kuandika nilichosema.

MwanaLangoni
Hilo la Maweni_Finest tutalizungumza ana kwa ana, lisichafue uzi. Dada mhazini hesabu?

Bint_Mkomani (mhazini)
7,900 toa 6,000 inabaki 1,900. Nauli kuja na kurudi pamoja na chombo cha Mokowe haitoshi, tumepungukiwa na mia saba ama mia nane. Wale 11 wa Oktoba wakilipa hata watatu tumevuka. Nusu anapewa akifika, nusu siku ya mwisho ya kombe, na itaandikwa karatasini, si kwa maneno. Na mimi nazungumza na mchezaji mwenyewe, hakuna mtu wa kati.

MUFC_Mokowe
Nimelipa ya Oktoba sasa hivi. Na ya Novemba.

Baharia_Shela
Chombo cha Mokowe ni juu yangu, nitamchukua mwenyewe nikitoka na abiria. Dogo panda basi la asubuhi.

Mzazi_Matondoni
Akiwa atakaa na mwanangu mazoezini na kumuonyesha hio habari ya shingo, chakula cha Jumamosi ni kwangu.

MwanaLangoni
Kulala ni kwetu Langoni, mama kasema mradi anakula samaki hana taabu nae. Mofa na samaki kila usiku, akiondoka hapa atakuwa na kifua cha Faza.

Kipa_Mstaafu
Nina njumu namba 42, nimevaa mara mbili tu kisha goti likanistaafisha. Kushoto zikimtosha ni zake.

kushoto_mld
Mungu awalipe. 42 ndio yangu.

Nina swali moja tu kabla ya kukata tiketi. Namba tisa wenu anapenda mpira mguuni ama mbele yake?

MwanaLangoni
@Namba9_Gadeni umeulizwa

MUFC_Mokowe
Kimya

MUFC_Mokowe
Naona yuko onlaini, anaandika, anafuta

Namba9_Gadeni
Mbele. Bega la kulia la beki. Na usinicheleweshee, juzi nimeotea mara nne kungojea watu.